Shada la Profesa Dihenga

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitajwi mpaka mtu asimame wima, avue kofia na kuelekeza uso Ikulu. Kwa kuwa wewe msomaji huenda umeketi, na pengine miguu umeinyoosha, sitalitaja nisije nikakuponza. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani tupu, na anayesema haioni amani hupelekwa mahali akaitafute akiwa peke yake.

Kiongozi wa nchi hiyo ni Mtukufu Kivuli cha Taifa, na kazi anayoipenda kuliko zote ni kupanda. Kila afikapo huchimbiwa shimo, hutandikiwa zulia, hukabidhiwa koleo linalong'aa, akapanda, watu wakapiga makofi mpaka viganja vikavimba. Kuanzia hapo kilichopandwa kinapata cheo na kuitwa Mpandwa wa Taifa. Mpandwa hakatwi, hapogolewi, hang'olewi, wala hakikatwi chochote alichokigusa. Huwekewa askari wa glavu nyeupe, wapita njia humpigia saluti, na ni marufuku kumwita kwa jina lake la mtaani.

Sheria hii imeleta manufaa mengi. Pale uwanja wa ndege, siku moja wasaidizi walipokuwa na haraka, Mtukufu alipanda ua la plastiki. Linamwagiliwa na kikosi cha zimamoto kila asubuhi hadi leo, na taarifa ya kikosi inasema linaendelea vizuri. Mbele ya Wizara ya Kilimo kuna kipande cha muhogo alichokichomeka juu chini. Hakijachipua, lakini Waziri ameeleza bungeni kwamba kinatafakari.

Daktari Mwajabu Mbonde aliyasikia haya redioni kama kila mtu, akacheka kwa ndani kama kila mtu, akaendelea na shughuli zake. Alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Taifa, mwanamke mwembamba, mkimya, ambaye kucha zake hazikutakata udongo hata siku ya harusi yake.

Nyuma ya maktaba ya chuo palikuwa na bonde. Waliojenga chuo walilijaza kifusi na mabati, wakaenda zao. Mwajabu alipoajiriwa aliliomba, akapewa, kwa sababu hakuna ofisi iliyokumbuka kwamba bonde ni mali yake. Kwa miaka mingi yeye na wanafunzi wake walitoa kifusi kwa ndoo na kurudisha, kimoja baada ya kingine, vile vilivyokuwa vikiota pale kabla chuo hakijaja: mikole, mifuu, michongoma, mgagani, nyasi ndefu za kuficha kanga na vifaranga vyake. Ndege walirudi wenyewe, bila kadi ya mwaliko. Na katikati ya bonde, mahali penye unyevu, palikuwa na vichaka vitatu vya mngojanyuki.

Mngojanyuki ni kichaka kifupi, kinafika magotini, chenye maua meupe yanayobaki yamefumba mpaka nyuki ayabishie. Kiliota kwenye kilima kimoja tu, kilima alichozaliwa Mwajabu, na kilima hicho kilikuwa kimesagwa chote kuwa kokoto za barabara ya kwendea kilimani. Wiki ya mwisho kabla mashine hazijafika, mama yake alichimbua vichaka vitatu, akavifunga kwa khanga aliyokuwa ameivaa, akamletea bintiye chuoni. Mama huyo hakuishi sana baada ya hapo. Kwa hiyo vichaka vile vilikuwa mabaki ya mngojanyuki duniani, na kwa Mwajabu vilikuwa pia mabaki ya mama.

*

Makamu Mkuu wa Chuo aliitwa Profesa Anselmi Dihenga. Alikuwa bingwa wa somo la Vikao, na mtu aliyekulia mjini mpaka akaamini kwamba mchicha hutoka sokoni. Mwaka huo alisafiri ng'ambo kutembelea chuo fulani mashuhuri, akarudi na mawazo.

"Waheshimiwa," aliwaambia walimu ukumbini, "nimekwenda, nimeona. Chuo cha kimataifa hutambulikana kwa nyasi zake. Kule nyasi zimenyolewa zikalingana kama kichwa cha kuruta. Sisi mgeni akija tunamwonyesha nini? Pori. Kuanzia dirisha la ofisi yangu hadi nyuma ya maktaba, nataka zulia moja la nyasi kutoka nje, na Mtukufu mwenyewe nimemwomba aje kulizindua."

Mwajabu alinyoosha mkono. "Profesa, lile si pori. Ni uoto wa asili tulioufufua kwa mikono yetu. Mle kuna mmea ambao haupo pengine popote."

"Kama haupo pengine popote, Daktari, hujiulizi kwa nini wenzetu wameukataa?"

Ukumbi ukacheka, kwa sababu chai ilikuwa bado haijaletwa.

"Basi nipe nafasi nihamishe vichaka vitatu tu. Mvua zikianza. Kiangazi hiki nikiving'oa vitakufa."

"Daktari, hayo ni magugu," Profesa alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Magugu hayahamishwi. Yanaondolewa."

Tingatinga lilikuja wakati wa mitihani. Mwajabu alikuwa akisimamia ukumbi wa mtihani kwenye ghorofa ya maktaba, na kanuni za chuo, zilizotungwa na bingwa wa Vikao, zinasema msimamizi haruhusiwi kutoka wala kutoa sauti mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Alisimama dirishani. Aliona mkole wa kwanza ukilala, kisha mfuu, kisha chuma kikashuka mahali penye unyevu na kupanda tena kikiwa na udongo mweusi. Wanafunzi walioinua vichwa waliona mwalimu wao ameuma ncha ya mtandio wake, machozi yanamtiririka, hatoi hata mguno. Alipofungua mlango na kukimbilia bondeni, kila kitu kilikuwa kimeshakokotwa rundo moja na kuchomwa moto. Alipekua jivu kwa mikono mpaka likapoa. Hakupata hata kizizi.

Kesho yake alisema ukumbini yale ambayo yeyote angesema, na Profesa akampa jibu la kiutawala. Kuanzia siku ile Daktari Mbonde asizungumzie mmea wowote, ndani ya chuo au nje yake, mpaka aulizwe na mwenye mamlaka. Muhula uliofuata alifundisha elimu ya mimea kwa kunyoosha kidole. Wanafunzi walifaulu kuliko miaka yote, na chuo kikajipongeza kwa mbinu mpya.

Watu walidhani amenyamaza kwa sababu amekubali yaishe. Hakukubali. Alimchukia Profesa Dihenga asubuhi akipiga mswaki, alimchukia akipika, alimchukia akifua, na chuki ile ilimpa nguvu, akanenepa kidogo. Kwenye ukingo wa bonde, palipobaki bila kufikiwa na tingatinga, aliokota ganda moja la upupu, akilishika kwa jani pana. Alizipanda mbegu zake kwenye banda la miche akakusudia, miche ikikua, aichomeke kwenye ua wa nyumba ya Profesa kama mwizi.

Upupu, kwa msomaji aliyekulia ghorofani, ni mmea utambaao wenye maua mazuri ya zambarau na maganda yaliyovaa manyoya laini ya rangi ya dhahabu. Manyoya hayo yakimgusa mtu, atajuta kuzaliwa na ngozi. Lakini ukiwa mchanga ni mmea mpole, wenye majani ya kijani yaliyonona, wa kupendeza kabisa.

*

Kwa ajili ya siku ya uzinduzi, Profesa aliagiza mtende wa mapambo kutoka ng'ambo. Ulifika bandarini mapema, lakini watu wa forodha wakaushikilia ndani ya kontena kuchunguza kama hauna tabia za kigeni. Asubuhi ya sherehe uliachiwa kwa heshima zote, ukiwa kuni.

Mwajabu alikuwa bandani kwake akimwagilia aliposikia viatu vinakuja mbio. Aliingia Profesa Dihenga, suti imelowa jasho, na nyuma yake Bwana Lutufyo, Afisa Itifaki kutoka Ikulu, mtu aliyekuwa na kawaida ya kunong'ona hata akiagiza chai.

"Mtukufu yuko getini," alinong'ona Bwana Lutufyo. "Asipopata cha kupanda leo, Profesa, kesho tutapandwa mimi na wewe."

"Daktari, nataka mche," Profesa alisema. "Wenye afya, wenye sura. Huu hapa. Huu umenona."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mche wa upupu. Mwajabu aliutazama mkono ule, na kwa dakika fupi uanazuoni uliishinda chuki.

"Profesa, mche huo ulioushika..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, Profesa."

"Basi."

Wakaondoka nao mbio, wakiubeba baina yao kama mtoto wa mfalme. Mwajabu alifunga mlango wa banda, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tingatinga.

Pale chini ya dirisha la Profesa, katikati ya zulia la nyasi za ng'ambo, Mtukufu aliupokea mche, akautazama. Waliokuwa karibu wanasema aliutazama zaidi ya kawaida yake. Kisha akamtazama Profesa, akatabasamu, akaupanda.

*

Mvua zikaja, na Mpandwa wa Taifa akaonyesha uzalendo. Aliuparamia uzio wake, akashuka upande wa pili, akajitandaza juu ya zulia la nyasi. Kila alipogusa, mashine ya kunyoa nyasi ilipaswa kusimama, dereva ashuke, apige saluti na kurudi nyuma. Zile nyasi za ng'ambo, zilizozoea kunyolewa na kubembelezwa, zilikosa hewa zikafa. Udongo ulipopumua, vilivyokuwa vimelala chini yake vikaamka. Mgagani ukatokea, mikole ikachipua kwenye visiki, nyasi ndefu zikarudi, na kanga mmoja akaonekana akivuka njia ya wahadhiri na vifaranga vyake bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyeweza kukata chochote, kwa kuwa vyote vilikuwa vimeguswa.

Kikono kimoja cha Mpandwa kiliingia dirishani kwa Profesa na kujizungusha kwenye kiti chake. Dirisha halikufungwa tena. Mvua ilimnyeshea mezani, naye akawa anasalimia kile kikono kila asubuhi, kisha anakaa kwenye stuli.

Je, watu hawakuujua upupu? Walimjua vizuri sana huyo. Kila aliyewahi kuchunga mbuzi katika nchi ile alimtambua kwa mbali, kuanzia wapishi wa bwalo hadi yule askari wa glavu nyeupe. Lakini nani angemwita Mpandwa wa Taifa kwa jina la porini? Walimpigia saluti, na kila wiki walirudi nyuma hatua kidogo zaidi kabla ya kuipiga.

Mwajabu alipita kila siku. Akiona maua ya zambarau yanageuka kuwa maganda, moyo ulimruka. Halafu alishuka mahali penye unyevu, akachuchumaa, akafunua majani kwa vidole. Hapakuwa na kitu pale ila udongo, na alipoinuka uso wake ulikuwa umerudi kuwa mgumu.

Mwaka ukaelekea mwisho, na bahati ikamwangukia Profesa, kama inavyowaangukia watu wa aina yake. Mtukufu alikwenda mkutano wa mataifa, akasikia wenzake wote wanajisifu kwa uoto wa asili, akarudi akiudai. Ikatafutwa nchi nzima mahali ambapo uoto wa asili umerudishwa. Palipatikana mahali pamoja tu, lile bonde la nyuma ya maktaba.

"Tangu utoto wangu," Profesa Dihenga aliliambia taifa redioni, "nimeipenda mimea yetu ya asili kwa mapenzi ya pekee. Nyasi zile za kigeni niliziweka makusudi, ili wananchi washuhudie zikishindwa."

Mwajabu alikuwa akisonga ugali. Aliupiga ugali ule mpaka mwiko ukavunjika.

*

Siku ya kumtukuza Profesa iliwekwa katikati ya kiangazi, maganda yakiwa yamekauka barabara na kung'aa kama mahameli. Kwa desturi ya nchi ile, anayetukuzwa kwa ajili ya Mpandwa huvishwa shingoni shada la Mpandwa yuleyule. Ipo desturi nyingine pia, na ni vizuri niieleze. Zamani balozi mmoja alijikuna kidevu wakati wa hotuba, na wiki hiyohiyo pakatokea mapinduzi kwa jirani. Tangu hapo kujikuna mbele ya Mtukufu ni uhaini.

Shada lilisukwa alfajiri, kungali na umande, na askari wa glavu nyeupe waliofunga kola mpaka kidevuni. Profesa alikuja mwenyewe kukagua. "Ongezeni," alisema. "Lisionekane shada la mkuu wa shule ya msingi." Wakaongeza. Hakuna aliyeinua macho.

Mtukufu alifika jua likiwa kali. Kabla hajaketi alilowesha kidole mate, akakiinua hewani, kisha akaagiza kiti chake kihamishiwe upande wa pili, upepo unakotokea. Watu wa usalama walidhani ni mambo ya usalama. Mwajabu, aliyepangwa nyuma ya Profesa pamoja na walimu wengine, aliona kidole kile akaelewa. Kumbe na yeye amechunga mbuzi.

Profesa akavishwa. Shada lilimkaa vizuri, likimgusa kidevu, likishuka kifuani mpaka kwenye kitambi. Bendi ikaanza wimbo wa taifa, ambao una ubeti mmoja kwa kila mwaka wa uongozi wa Mtukufu.

Beti za mwanzo alisimama kama mlingoti. Halafu bega la kushoto likaruka lenyewe. Shingo ikapinda, ikarudi. Masikio yakawa mekundu, jasho likatoka, na jasho likayachukua yale manyoya likayapeleka chini ya shati, chini ya mkanda, mahali ambapo hapatajwi wimbo wa taifa ukiimbwa. Vidole vyake vilijikunja na kujikunjua kwenye mshono wa suruali. Mtukufu alikuwa anamtazama, mikono imekaa magotini, uso mtulivu.

"Daktari," Profesa alinong'ona kwa pembe ya mdomo, bila kugeuka. "Daktari Mbonde. Hii... hii ni nini?"

Mwajabu alisogea hatua moja. Alikuwa ameingoja siku hii akipika na akifua, na sasa haraka hakuwa nayo.

"Unaniuliza rasmi, Profesa?"

"Nakuuliza. Nakuomba."

"Ni magugu," alisema kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Ila haya yana cheo. Hayaondolewi."

Profesa Dihenga akaanza kulia. Alilia wima, bila kujikuna, machozi yakidondokea shada, beti baada ya beti. Wananchi waliokuwa mbali waliguswa mno na uzalendo ule. Waliokuwa karibu waliuma midomo. Mwajabu aliyatazama machozi yale tone kwa tone, akakumbuka ncha ya mtandio kinywani mwake, na haki ya Mungu aliona raha.

Wimbo ulipokwisha Mtukufu akainua mkono. "Profesa analia kwa mapenzi," alisema. "Sijawahi kuona. Sherehe hii naitaka kila mwaka, na kila mwaka Profesa huyuhuyu avishwe shada. Sasa, nani hapa anajua mimea?"

Bwana Lutufyo akanong'ona kwamba yupo Daktari Mbonde, lakini amekatazwa kusema.

"Amekatazwa na nani?" Mtukufu aliuliza. Hakungoja jibu, maana jibu lilikuwa mbele yake linatetemeka. "Mama, nakuuliza mimi. Mpandwa wangu huyu ni mmea gani?"

Kulitaja jina ilikuwa jela, na kutolijibu swali ilikuwa jela. Mwajabu akainama kidogo. "Mtukufu, ni yuleyule uliyekuwa ukimkwepa ukichunga mbuzi."

Mtukufu alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Basi wewe utakuwa Mshauri wa Mashada," alisema. "Kila mwaka wewe ndiye utakayechagua shada la Profesa."

*

Kwa upupu dawa ni tope. Unapaka zito, unaliacha likauke, unalibandua na manyoya yake. Mwajabu alimwambia Profesa hivyo, baada ya kumwacha kwanza aoge maji mengi na kuyaeneza manyoya mwili mzima. Alimkuta kwenye mtaro nyuma ya maktaba, bingwa wa Vikao, amekaa ndani ya tope na chupi yake.

"Mwaka ujao," Profesa aliuliza, meno yakigongana, "shada litakuwa la nini?"

"Itategemea bonde litakavyokuwa."

Akamweleza masharti. Kila ulichokichoma utakirudisha, kwa mkono wako, siyo kwa mkono wa mfanyakazi. Na Profesa amerudisha. Mvua zikianza utamwona amepiga magoti bondeni, suruali imepandishwa, anachimbia mikole na michongoma, miiba imemchora mikono. Bonde limejaa kuliko zamani. Wageni huletwa kuliona, na kibao kinasema ni kazi ya Mtukufu.

Jioni moja, amechoka, Profesa alimwuliza: "Daktari, utanisamehe lini?"

Mwajabu alimwonyesha kwa kidole pale mahali penye unyevu. "Hapo palikuwa na vichaka vitatu vya mngojanyuki. Pamwagilie. Siku vikichanua, nitakusamehe."

Basi kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini Profesa Dihenga hubeba ndoo, akamwagilia pale, kwa uangalifu, asimomonyoe udongo. Hung'oa kijani chochote kigeni, hufukuza kuku, wakati mwingine husema maneno mazuri. Hajui kwamba chini pale hakuna mbegu wala mzizi, kwamba Mwajabu alishapekua jivu lote kwa mikono yake, na kwamba mngojanyuki haupo tena duniani. Mwajabu anajua. Hukaa dirishani kwenye ghorofa ya maktaba, palepale aliposimama siku ile, akamtazama ameinama na ndoo yake mpaka amalize.

Profesa akishaondoka, yeye hushuka. Huchuchumaa mahali palipolowa, akafunua majani kwa vidole, akaangalia vizuri. Kisha huinuka, akapangusa magoti, akaenda kufundisha.